Muulize Mwalimu: kwa nini konokono wa jiwe hili hafanane na wa jiwe lile

Mwezi uliopita niliandika mistari mbili tu juu ya konokono wa bahari kule Uswidi, nikasema wa jiwe moja anaweza kuwa tofauti kabisa na wa jiwe la pembeni, mita 20 tu, hata kama ni aina moja, na kwamba anaweza kubadilika mu miaka 30, nikafikiri itapita hivyo. Haikupita. Mesaji zikajaa ku telefone ya gazeti, za Bukavu, Goma, Uvira, hata moja ya Kavumu. Nimechagua maulizo sita, zingine zilikuwa zinarudilia yaleyale kwa hiyo musikasirike kama ya kwenu haionekane. Nimefurahi kweli, ju ni jambo nalipenda na sikujua kama watu mingi wanalipenda pia.

ULIZO: Mwalimu jambo. Niko mwanafunzi wa biyo-shimi (biolojia na kemia) hapa Ibanda. Kama hao konokono ni aina moja na kati yao kuko mita 20 tu, inawezekanaje wawe tofauti? Si ni chakula tu? Mutu akikula vizuri ananenepa, akikosa anakonda, lakini jeni zake zinabakia zilezile. Tunajua namna gani kama ni jeni?

JIBU: Mudogo wangu, ulizo lako njo lenyewe walianza nalo hata wale wa iniversite, na usiache mutu akuambie ni ya kitoto.

Tuanze na konokono mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Littorina saxatilis. Ni mudogo, mukubwa wake anaingia vizuri ku kucha ya kidole cha gumba. Anaishi ku mawe ya pwani za Atlantiki ya kaskazini, Uswidi, Uingereza, Uhispania upande wa Galicia, mpaka Marekani upande wa mashariki, anakwangulaka ule utelezi wa kijani unaoota juu ya jiwe, njo chakula yake. Sasa huko pwani kuko maisha ya namna mbili. Kuko mahali penye mawe mingi yamepangana, maji imetulia, na chini ya mawe kuko kaa wa koleo wanaongojea kuwakula. Na kuko mahali pa mwamba mutupu unaotokeza mu bahari, kaa hawapapende ju mawimbi yanapiga kutwa kucha, lakini ile mawimbi yenyewe njo inaua, inakubandua inakutupa.

Angalia konokono wa pande hizo mbili. Wa kwa kaa ni mukubwa, gamba nene, mulango wa gamba mwembamba ili koleo la kaa lisiingie, na ni muoga: ukimugusa anajificha ndani na anakawia kutoka. Wa kwa mawimbi ni mudogo, gamba jepesi, mulango mupana ju mguu wake wa kunatia ku jiwe ni mukubwa, na hana woga, ukimugusa anajificha kidogo kisha anatoka haraka ashike mwamba, ju kama anakawia wimbi litamubeba. Ona vile kila kitu kinaendana. Hata tabia.

Sasa chakula ao jeni? Kuko njia mbili za kupima na zote mbili walizifanya. Ya kwanza, chukua watoto wa pande zote mbili uwalee mu beseni moja, maji moja, chakula moja, kaa hakuna, mawimbi hakuna. Kama tofauti ilikuwa ya chakula tu ingeisha. Haikuisha, watoto wakakuwa wanafanana na wazazi wao. Ya pili ni kuhamisha: wa kaa peleka kwa mawimbi, wa mawimbi peleka kwa kaa, na wengine urudishe palepale ulipowatoa ili usidanganywe na ile shida ya kubebwa tu. Emilio Rolán-Alvarez, Kerstin Johannesson na mwenzao walifanya hivyo kule Galicia, wakatoa majibu mu 1997: kila mumoja anaishi muzuri zaidi kwao. Hata shiye tunajuaka hii bila labo. Mama zetu wa Walungu wanajua maharagi yao ya mulimani, ukiyashusha mu bonde la Ruzizi kwenye joto hayatoe sawa vile yanatoa mulimani, na ya bondeni ukiyapandisha yanahangaika na baridi. Mbegu iko na kwao.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba chakula na mazingira havifanye kitu. Mu 1988 Appleton na Palmer walichukua konokono mwingine wa bahari, Nucella lamellosa wa pwani ya Pasifiki ya Amerika ya kaskazini, wakawaweka mu maji yenye harufu ya kaa na ya konokono wenzao waliovunjwa. Kaa hakuwagusa. Harufu tu, na mulango wa gamba ukaota meno manene. Kwa hiyo mwili unaweza kujibu mazingira bila jeni kubadilika, ulikuwa na haki kuuliza. Ndiyo maana ile ya kulea mu beseni moja iko na maana sana, bila hiyo huwezi kutenganisha.

Na mita 20? Ni kwa sababu ya uzazi. Konokono mingi wa bahari watoto wao wanaeleaka mu maji sawa vumbi, wanapelekwa mbali, damu inachanganyika pwani nzima. Huyu hapana. Mama anabeba watoto ndani ya mwili mpaka wako konokono kamili wadogo, wanatoka wanatembea ku jiwe lilelile, na maisha yao yote wanaweza kuhama mita chache tu. Njo maana mita 20 kwao ni safari. Hapo katikati wanakutana kweli na wanazaana, na watoto wa kuchanganyika wanapatikana, lakini ukisogea mita chache kila upande unaanza kuona wale wa kwao tupu. Hakuna ukuta. Kaa anachagua huku, wimbi linachagua kule.

ULIZO: Mwalimu, nafanya kazi ya pikipiki Goma na napenda sana kusoma mambo ya viumbe. Shuleni walitufundisha viumbe vinabadilika kwa mamilioni ya miaka. Wewe uliandika miaka 30. Ni kosa la gazeti?

JIBU: Hapana kaka, ni 30 na si kosa. Hii njo habari naipenda kuliko zote kwa hiyo vumilia nitaizungusha kidogo.

Mu 1988, mwezi wa 5 na wa 6, mwani wenye sumu ulilipuka mu bahari kati ya Uswidi, Norwe na Denimaki. Uliua viumbe mingi, na ku visiwa vidogo vya mwamba karibu na visiwa vya Koster konokono waliisha kabisa. Huyu Johannesson nilimutaja juu, alikuwa anafanya kazi ku kituo cha utafiti wa bahari cha Tjärnö, akaona mwamba mumoja mudogo sana, wa mawimbi, mutupu. Mu 1992 akachukua konokono kama 700, wa kaa si wa mawimbi, akawaweka pale. Fikiria moyo wa kufanya vile: kuweka waoga wanene penye mawimbi halafu kungojea, na kuendelea kurudi miaka na miaka kuchukua wachache na kuwapima.

Wenzake, wakiwa pamoja na Anja Westram, Roger Butlin na wengine, walitoa majibu mu mwezi wa 10 wa 2024. Wale konokono leo wanafanana na wa mawimbi. Wamekuwa wadogo, gamba limekuwa jepesi, mulango umepanuka. Na kitu kinachonishangaza zaidi: waliangalia kwanza wa mawimbi wa jirani, wakaandika mbele namna wale 700 wanapaswa kugeuka, gamba na jeni, kisha wakalinganisha na ile iliyotokea. Kwa sehemu kubwa ilikuwa vile walivyoandika. Mutu anasemaka mageuzi ya viumbe haiwezekani kuyatabiri, lakini pale kwenye mwamba ule, kwa kizazi makumi tu, walitabiri.

Kama umefuata utaniuliza, sasa hizo jeni za mawimbi zilitoka wapi? Si kwamba mwamba uliwafundisha, na si kwamba konokono alijikaza akawa mwepesi. Ziliingia kwa njia mbili. Zingine zilikuwa tayari ndani ya wale 700, kwa wachache wachache, zimejificha, ju kule kwa kaa hazikuwa na faida lakini hazikuwa zimeisha. Zingine zililetwa na konokono wa mawimbi wa miamba ya jirani, mita mia na zaidi, mara mojamoja mumoja anabebwa na maji anafika. Kisha wimbi likafanya kazi yake kila mwaka, linabandua huyu, linaacha yule, na yule anayebaki njo anayezaa. Kizazi chao ni mwaka ao chini ya mwaka, ndiyo maana inaenda mbio. Kwa watu, vizazi 30 ni zaidi ya miaka 700.

Kuko kitu kingine kinasaidia mbio hiyo na lazima nikieleze hata kama kinaumiza kichwa kidogo. Jeni zimepangana ku kromosomu sawa shanga ku uzi. Kila kiumbe kama konokono ao wewe uko na nyuzi mbilimbili, moja ya baba moja ya mama, na wakati mwili unatengeneza yai ao mbegu ya kiume zile nyuzi zinabadilishana vipande. Ni muzuri ju inaleta watoto wa namna mingi, lakini kwa konokono wetu ni hatari: mutoto anaweza kupata gamba jepesi la mawimbi pamoja na mulango mwembamba wa kaa, na upande wowote hatafanikiwa muzuri. Sasa kumbe zamani sana sehemu fulani ya uzi ilikatika, ikageuka juu chini, ikashikana tena. Konokono akipata uzi mumoja wa sawasawa na mumoja uliogeuka, pale kwenye kipande kilichogeuka kubadilishana kunashindikana. Shanga zote za pale zinabaki pamoja. Ni sawa vile mama wa kuuza nguo anafunga furushi: huwezi kuchomoa shati moja mu njia, unabeba furushi lote ao unaliacha.

Ku Littorina saxatilis wamekwisha kuona mafurushi hayo zaidi ya 10, Rui Faria na wenzake waliandika juu yake mu 2019, na mafurushi mingi yanapatikana kwa wingi upande mumoja na kidogo upande mwingine wa pwani. Ukubwa wa mwili, namna ya gamba, sehemu nzuri imefungwa mule ndani. Kwa hiyo ku ule mwamba wa 1992 haikulazimika kutafuta shanga mojamoja. Furushi la mawimbi lilikuwa tayari limefungwa, likapanda. Sijue kama unasikia utamu wa hii jambo sawa vile mimi nausikia, lakini kwangu ni kama kufungua injini ya pikipiki kwa mara ya kwanza na kuona kumbe njo hivi inazungukaka.

ULIZO: Mwalimu wetu, mimi ni mama wa ndagala ku soko ya Kadutu. Baba watoto akienda Uvira analetaka magamba ya konokono, watoto wanachezea. Ni magumu sawa jiwe, yako na mistari na vinundu sawa ya bahari ile tunaonaka ku picha. Mukwe wangu muzee anasema Tanganyika ilikuwa bahari zamani. Ni kweli?

JIBU: Mama yangu, muzee hakubuni, mwambie hata wazungu wa sayansi walisema vile na waligombana sana. Speke, musafiri Muingereza, alipofika ku Tanganyika mu 1858 aliokota magamba, na mu 1859 kule London mwanasayansi Woodward aliyaandika. Watu wakashangaa, haya ni ya ziwa ao ya bahari? Kisha akaja Moore, John Edmund Moore, akafanya safari mbili mu mwisho wa ile karne, na mu 1903 akatoa kitabu kizima kusema Tanganyika ilishikana na bahari ya zamani na hao konokono ni mabaki. Aina moja kubwa ya hao konokono inaitwa Lavigeria, ni jina la Kardinali Lavigerie, yule aliyeanzisha Wapadri Weupe ambao munawajua hapa kwetu.

Lakini hapana, haikuwa bahari. Tanganyika ni bonde lililopasuka mu udongo likajaa maji matamu, miaka kama milioni 9 mpaka 12, na jeni za hao konokono zinaonesha ndugu zao wa karibu ni konokono wa mito na maziwa ya Afrika. Sasa kwa nini wanafanana na wa bahari? Kwa sababu ya kaa. Mu Tanganyika kuko kaa wa kwao peke, Platythelphusa, na mumoja anaitwa Platythelphusa armata ana koleo moja kubwa kuliko lingine, la kuvunjia. Kelly West na Andrew Cohen waliwafuatilia wakaona magamba ya Tanganyika ni manene na magumu kuliko ya konokono wa maji matamu wa kwingine, na koleo za kaa pia ni kubwa kuliko za ndugu zao wa mito. Wote wawili wanasukumana, muda murefu. Ni adui yuleyule wa Uswidi, na jibu lilelile la gamba, lakini ukoo hauhusiane.

Fanya hivi jioni, mama. Chukua yale magamba ya watoto, geuza ku mwanga, pitisha ukucha taratibu kufuata muzunguko. Ku mengine utasikia mustari mumoja umevunjika hovyohovyo kisha gamba linaendelea upya, rangi inaweza kuwa tofauti kidogo. Mara mingi ile ni kovu. Kaa alikwangua mulango akashindwa, konokono akapona akajenga tena. Ukiyapata mawili matatu utajua hiyo konokono ya mwanao ilikutanaka na kaa ikamushinda.

ULIZO: Mimi ni muganga mudogo (infirmiye) Kavumu. Konokono wa bilarziya nao wako hivyo, wa huku tofauti na wa kule?

JIBU: Ndiyo dada. Aina za Biomphalaria, njo konokono wanaobeba bilarziya, haziko sawa mbele ya mududu wa bilarziya. Kuko ukoo wa labo unaoitwa BS-90, ulitoka Salvador kule Brazili, ni Biomphalaria glabrata sawa wengine lakini minyoo mingi ya labo ikimuingia anaiua, na anaachia watoto wake uwezo huo. Na mududu naye iko na kwao, wa ziwa moja anaweza kushika konokono wa pale vizuri na kushindwa na wa mbali. Kwa hiyo matokeo ya ziwa moja usiyabebe tu mpaka ku ziwa lingine. Ile ya kutibu wagonjwa unaijua kuliko mimi, prazikanteli haibadilike kwa sababu ya konokono.

ULIZO: Kama konokono wanaweza kubadilika mu miaka 30, basi tunaogopea nini ku uchafu wa ziwa? Watazoea. (Musomaji wa Goma)

JIBU: Ndugu, soma tena ile ya 1988. Ile sumu ilipokuja ku miamba ya Koster hakuna aliyezoea, waliisha. Konokono wanabadilika kama ndani yao kuko tayari wachache wenye kuweza, na kama jirani wako hai wa kuleta wengine, na kama wanaobaki ni wengi wa kutosha kuzaa. Ukiondoa moja, inaisha hapo.

Naomba uangalie Tanganyika na siyo Kivu kwanza. Vilima vya juu ya Uvira vimekatwa miti, mvua ikinyesha udongo unashuka unafunika mawe ya pwani. Andrew Cohen na wenzake walionesha mu 1993 kwamba penye matope mingi aina za viumbe zinapungua. Konokono wa mawe anakwanguaka utelezi ku jiwe safi, ukifunika jiwe na matope umefunga soko lake. Na mule kuko aina ambazo haziko mahali pengine popote duniani, yaani jirani wa kuleta mbegu hayuko. Koster walikuwa na jirani. Shiye ku ile ziwa jirani ni shiye wenyewe. Kuko kituo cha utafiti wa maji palepale Uvira, CRH, na nataka vijana wetu wa biyo-shimi waende kugonga mulango huko, badala ya kungojea mutu atoke mbali aje kuhesabu konokono za kwetu.

ULIZO: Niko na miaka 11, naishi Uvira. Kaka alivuta wavu, mukatoka konokono mukubwa, gamba laini la rangi ya kahawiya. Alipolivunja ndani mulikuwa konokono wadogo wadogo mingi. Alikuwa mugonjwa? Walimukula?

JIBU: Hapana mwanangu, hakuwa mugonjwa. Alikuwa na mimba. Kwa vile ulivyoandika nafikiri ni Neothauma, mukubwa kuliko wote mu Tanganyika, gamba linaweza kufika sentimita 6 hivi, na yeye hatagi mayai ku mawe, anabeba watoto mpaka wana gamba lao. Magamba matupu ya Neothauma yanajaaka chini ya ziwa, na kuko samaki wadogo wanaishi mule ndani na kuzalia mule.

Na yule wa Uswidi niliyeandika juu naye anazaa, lakini ndugu zake wa karibu wanataga. Mu 2024 Sean Stankowski na wenzake waliandika kwamba alianza kuzaa karibuni tu, mu miaka isiyopita 100,000, na waliona sehemu kama 50 za jeni zinazohusika. Si swichi moja, ni nyingi zilizokuja polepole mpaka mama akawa anaweza.

Mwambie kaka siku ingine wakipata kama huyo wasimuvunje. Wamurudishe mu maji palepale wavu ulipopita, kwenye muchanga, si ku mawe. Na kama yuko tayari amevunjika, hesabu wale wadogo wote uniandikie idadi, na unipimie mukubwa na mudogo zaidi kwa rula ya shule.